Maktaba za vyuo vikuu zianze kuchapisha, zisiishie kununua

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, mhadhiri huingia darasani na mpango wa somo lake. Mwishoni mwa mpango huo pana orodha ya vitabu nane, kumi, wakati mwingine kumi na tano. Wanafunzi huipiga picha kwa simu. Kinachofuata anakijua kila aliyesoma chuo kikuu Tanzania: badala ya kwenda duka la vitabu, wanakwenda steshenari iliyo karibu na geti kuuliza kama lipo desa la somo hilo.

Desa lenyewe huwa ni mchanganyiko. Utakuta sura mbili za kitabu cha Marekani, slaidi za mhadhiri za mwaka juzi na maelezo ya mwanafunzi aliyekwishahitimu, vyote vimetolewa kopi ya kopi hadi michoro haisomeki. Mara nyingi halina jina la mwandishi wala mwaka wa kuchapishwa. Mwanafunzi analisomea mtihani, anafaulu, anavaa joho, na anaondoka chuoni bila kumiliki hata kitabu kimoja cha fani aliyosomea.

Tumelizoea jambo hili mpaka tunaliona la kawaida. Mimi naliona kuwa ni aibu, na aibu hiyo ni ya taasisi zetu. Wanafunzi hawana kosa. Dawa yake ipo na ni halali, na idara inayoweza kuisimamia imo tayari katika kila chuo. Idara hiyo ni maktaba.

Hesabu haikubali

Tuanze na fedha. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) umekuwa ukiweka kiwango kisichozidi shilingi 200,000 kwa mwaka kwa ajili ya vitabu na viandikwa. Hizo ni za masomo yote ya mihula miwili, kalamu na madaftari yakiwamo. Sasa chukua kitabu kimoja cha kiada cha tiba, uhandisi au uchumi kutoka kwa mchapishaji mkubwa wa Marekani au Uingereza. Vingi vinauzwa zaidi ya dola 100, na dola 100 kwa viwango vya miaka hii zinavuka shilingi 240,000. Kitabu kimoja kinameza fungu la mwaka mzima na bado hakijatosheka. Mwanafunzi ana masomo matano au sita kila muhula. Bumu, yaani fedha ya mkopo, likiingia, linasubiriwa na kodi ya chumba, chakula, nauli, na pengine mahitaji ya mdogo wake aliye nyumbani. Hapo bado hatujamtaja asiyepata mkopo kabisa.

Tungetarajia maktaba izibe pengo hilo kwa kununua vitabu. Inajitahidi, lakini darasa la mwaka wa kwanza lenye mamia ya wanafunzi haliwezi kusomeshwa na nakala tatu au nne. Nakala hizo hutengwa zisitoke nje, mwanafunzi akaazimwa kwa saa chache, na karibu na mitihani foleni inakuwa ndefu kuliko muda wa kusoma. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa maktaba mpya, kubwa na ya kisasa, iliyojengwa kwa msaada wa China. Ni jengo la kujivunia. Hata hivyo rafu za jengo zuri hazijazi vitabu zenyewe, na bajeti ya kuzijaza kwa bei za soko la nje hatuna, wala hatutakuwa nayo karibuni.

Katika upande wa machapisho ya kielektroniki, wakutubi wetu wamefanya kazi ambayo wengi hawaijui. Maktaba za vyuo na taasisi za utafiti Tanzania zimeungana chini ya COTUL, na za Kenya chini ya KLISC tangu 2003, ili ziweze kujadiliana na wachapishaji na kuchangia gharama za majarida na vitabu vya mtandaoni. Upo pia mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, ambao umezifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya afya bila malipo au kwa bei nafuu. Bila juhudi hizi watafiti wetu wangekuwa gizani.

Lakini lazima tuseme ukweli kuhusu aina ya kitu tunachopata. Huko ni kuishi katika nyumba ya kupanga. Unalipa kila mwaka, masharti anaweka mwenye nyumba, na siku ukishindwa kulipa hubaki hata na tofali moja. Mwanafunzi naye akishahitimu, nywila yake hufungwa. Daktari aliyesoma kwa machapisho hayo Muhimbili, akipangiwa hospitali ya wilaya ambayo haijajiunga na mpango huo, hawezi tena kuyafungua, na huko ndiko anakoyahitaji zaidi. Miaka yote tunayolipa haituachii mali yetu wenyewe.

Bure si sawa na huria

Hapa ndipo panapohitaji kueleweka vizuri, kwa sababu watu wengi wakisikia nyenzo huria za elimu hudhani tunazungumzia kitu chochote kinachopakuliwa mtandaoni bila malipo. Hapana. Kitabu kinaweza kupatikana bure leo na kesho kikaondolewa. Kinaweza kuwa bure kusoma lakini ni marufuku kukichapa, kukitafsiri au kubadilisha mfano mmoja. Na vitabu vya wizi vinavyozunguka katika makundi ya WhatsApp ni bure pia, lakini haviwezi kuwekwa katika mfumo halali wa chuo.

Kitabu huria ni kile ambacho mwandishi wake, akiwa bado na hakimiliki yake, ametangaza mapema na kwa maandishi kwamba kila mtu anaweza kukisoma, kukinakili na kukisambaza, na mara nyingi pia kukirekebisha na kukitafsiri, mradi atamtaja aliyekiandika. Wazo hili lilipewa jina katika kikao cha UNESCO kilichofanyika Paris mwaka 2002. Mwishoni mwa mwaka huohuo zilitoka leseni za kwanza za Creative Commons, ambazo ndizo zinazotumika zaidi leo. Leseni zake kuu ni sita, na masharti yake yanatofautiana. Ipo inayoruhusu kila kitu kwa sharti la kumtaja mwandishi, ipo inayokataza biashara, ipo inayokataza kubadilisha maandishi, na ipo inayotaka kazi mpya itolewe kwa masharti yaleyale. Kuzijua tofauti hizi na kuwaeleza wahadhiri ni kazi ya mkutubi hasa.

Mwezi Novemba 2019 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha Pendekezo kuhusu nyenzo huria za elimu. Linazitaka nchi wanachama zifanye mambo matano: kujenga uwezo wa watu wa kuandaa na kutumia nyenzo hizi, kuweka sera za kuziunga mkono, kuhakikisha zinamfikia kila mtu kwa usawa, kutafuta njia za kuziendeleza zisife, na kushirikiana kimataifa. Nchi zetu ni wanachama wa UNESCO. Kilichobaki ni kuteremsha maneno hayo kutoka kwenye makabrasha hadi kwenye mpango wa somo wa mhadhiri.

Waliotangulia

Wako waliokwishaanza, na katika baadhi ya mifano maktaba ndiyo iliyotangulia. Mwaka 2011 maktaba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, tawi la Amherst, Marekani, kwa kushirikiana na uongozi wa chuo, ilianza kuwapa wahadhiri ruzuku ndogo, za kuanzia dola 1,000, ili waache vitabu vya bei ghali na badala yake watafute, wakusanye au waandike nyenzo huria za masomo yao. Kwa Marekani fedha hiyo ni kidogo. Kilichofanya kazi ni kwamba mhadhiri alipewa sababu, msaada na mkutubi wa kukaa naye.

Mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Rice kilichopo Houston, Texas, kilizindua OpenStax, mradi wa vitabu huria vya masomo ya mwanzo ya shahada: fizikia, biolojia, takwimu, uchumi na mengineyo. Vinaandikwa na kupitiwa na wanataaluma, na kila mtu duniani anaweza kuvipakua. Kitabu chao cha anatomia na fiziolojia kimekuwapo tangu 2013. Mwanafunzi wa uuguzi wa Mbeya au Kisumu anaweza kuwa nacho kwenye simu leo hii, kwa haki kabisa, na akabaki nacho maisha yake yote.

Je, vitabu hivyo vinasaidia kufaulu? Katika Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, watafiti walilinganisha matokeo ya wanafunzi 21,822 katika masomo manane ambayo yalihama kutoka vitabu vya kununua kwenda vya OpenStax. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa alama zilipanda na idadi ya walioanguka au kuacha somo ikapungua. Walionufaika zaidi ni wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, waliokuwa wakipata ruzuku ya serikali. Matokeo hayo hayashangazi. Mwanafunzi mwenye kitabu tangu wiki ya kwanza hawezi kulingana na anayekisubiri hadi wiki ya nane.

Tusidhani kuwa haya ni mambo ya Wamarekani. Afrika Kusini, kundi la vijana wasomi wa fizikia lilianza mwaka 2002 kuandika vitabu huria vya sayansi kwa shule za sekondari. Kazi hiyo ilizaa Siyavula, na kufikia mwaka 2012 serikali yao ilikuwa ikivichapa vitabu vya Siyavula vya hisabati na sayansi na kuvisambaza katika shule za umma. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Profesa Johan Fagan, daktari bingwa wa upasuaji wa masikio, pua, koo, kichwa na shingo, alisimamia atlasi huria ya upasuaji wa fani hiyo. Kila sura inaonyesha hatua za upasuaji kwa michoro na picha, na inapakuliwa bila malipo. Vitabu vya upasuaji ni miongoni mwa vitabu ghali kupita vyote, na Afrika ina madaktari wachache wa fani hiyo. Profesa huyo aliona kuwa elimu ya kuokoa maisha haistahili kufungiwa nyuma ya bei. Chuo hicho kina jukwaa la maktaba yake la kuchapisha vitabu na majarida huria.

Hata hapa kwetu mbegu zilipandwa. Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichokuwa na makao Nairobi, kiliwakusanya wahadhiri wa nchi kumi za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, wakaandika moduli 73 za kuwafundisha walimu hisabati, sayansi na teknolojia ya habari. Kila moduli ilitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, jumla 219, zote zikiwa na leseni huria na zikiwa zimegharimiwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mpango wa TESSA, ulioanza 2005 na ambao Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeshiriki, umetoa nyenzo huria za mafunzo ya ualimu, na miongoni mwa lugha zake ni Kiswahili. Nauliza: ni wanachuo wangapi wa ualimu wamewahi kuelekezwa kwenye nyenzo hizo na mhadhiri au mkutubi wao? Kazi iliyokwishafanywa na kulipiwa imekaa, na sisi tunaendelea kutoa kopi za kopi.

Steshenari si adui

Naomba nirudi kwenye steshenari, kwa sababu mjadala wa vitabu chuoni mara nyingi huishia kwenye kuwalaumu wenye mashine za fotokopi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko wazi kwamba kunakili kitabu kizima chenye hakimiliki bila idhini ni kosa. Kuwakamata wenye maduka, hata hivyo, hakutamletea mwanafunzi kitabu.

India iliwahi kulipitia suala hili mahakamani. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, Oxford, Cambridge na Taylor & Francis, walikishtaki Chuo Kikuu cha Delhi pamoja na duka dogo la fotokopi la Rameshwari lililokuwa katika eneo la chuo, kwa sababu lilikuwa likitoa vitini vilivyokusanya kurasa za vitabu vyao. Wanafunzi na wasomi walisimama upande wa duka. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ilitupilia mbali kesi hiyo kwa msingi kwamba sheria ya India inaruhusu kunakili kwa ajili ya kufundishia, na Machi 2017 wachapishaji wakajiondoa. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini ni wa sheria ya India. Sisi hatuwezi kuuegemea, na hatuna haja ya kusubiri kesi kama hiyo.

Kitabu huria kinaimaliza kesi kabla haijafunguliwa. Kikiwa na leseni inayoruhusu kuchapwa na kuuzwa, mwenye steshenari anakuwa msambazaji halali wa vitabu vya chuo. Tupige hesabu: kitabu cha kurasa 300, kwa bei ya shilingi 50 kwa ukurasa, ni shilingi 15,000. Fungu la shilingi 200,000 la HESLB linanunua vitabu kumi na vitatu na chenji inabaki. Mtandao wa kuvisambaza tumekwishakuwa nao, tena uko mlangoni pa kila chuo, na kijana mwenye mashine anabaki na riziki yake bila kuogopa msako. Maktaba inachotakiwa kufanya ni kumpa faili safi lenye jina la mwandishi, mwaka na nembo ya chuo.

Vitabu vya kwetu, kwa mifano ya kwetu

Bei ni nusu ya hoja. Nusu nyingine ni kilichomo ndani ya vitabu. Mwanafunzi wa uchumi wa Dodoma anasoma kuhusu soko la nyumba la Marekani, ilhali mnada wa korosho Mtwara na kilimo cha mkataba haviguswi. Mwanafunzi wa kilimo wa Morogoro anasoma udongo wa Iowa. Mwanafunzi wa sheria Kenya aliyepata kitabu cha kabla ya Katiba ya 2010, au cha sheria ya makampuni kilichoandikwa kabla ya Sheria ya Makampuni ya 2015, ana kitabu kinachompotosha. Kitabu cha kawaida husubiri toleo jipya, na soko letu ni dogo mno kumshawishi mchapishaji wa nje alitoe. Kitabu huria kinarekebishwa likizo moja na wahadhiri watatu, na toleo jipya linakuwa kwenye seva ya maktaba muhula unapofunguliwa.

Uwezo wa kuandika tunao. Kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, mwandishi akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Tanzania Publishing House ilikuwa miongoni mwa wachapishaji wake wa kwanza. Kinasomwa hadi leo duniani kote. Aliyekuwa akiongoza shirika hilo, Walter Bgoya, baadaye alianzisha Mkuki na Nyota na kuendelea kuchapisha vitabu vya kitaaluma. Wahadhiri wetu wa leo wamebobea kama wa zamani. Kinachowakwamisha ni mfumo usiothamini kitabu cha kufundishia.

Nafasi ya Kiswahili ni ya pekee. Kinafundishwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na katika vyuo vya Ulaya, Asia na Marekani. Majarida ya Kiswahili na Mulika ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) yanapatikana mtandaoni, na jarida la Swahili Forum la Ujerumani linasomwa bila malipo. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetaka kitabu cha kiada cha isimu ya Kiswahili au cha nadharia za fasihi, kilicho huria na kilichopitiwa na wataalamu, atatafuta sana. Kama kuna eneo ambalo vyuo vya Afrika Mashariki havina sababu ya kusubiri mtu wa nje, ni hili.

Hoja za wenye mashaka

Wapo wanaouliza mwandishi atakula nini. Ni swali la haki. Waandishi na wachapishaji wetu wamepata pigo la kutosha, hasa tangu vitabu vya kiada vya shule Tanzania viliporudishwa mikononi mwa Taasisi ya Elimu. Sisemi riwaya, diwani au kitabu ambacho mtu amekihangaikia kwa fedha zake kigawiwe bure. Ninasema mhadhiri anayelipwa mshahara na umma, akiandika kitabu cha somo analofundisha, alipwe ruzuku ya kazi hiyo mara moja na kitabu kiwe cha umma. Mrabaha wa kitabu cha chuo kinachouza nakala mia mbili haujamtajirisha yeyote. Na fedha ambazo maktaba itaokoa kwa kuacha kununua nakala za vitabu vya utangulizi kutoka nje zitumike kununua kwa wingi vitabu vya wachapishaji wetu, ambao wanahitaji mteja wa uhakika.

Wapo wanaohofia ubora. Ubora hauletwi na bei. Unaletwa na mhariri, wataalamu wanaoupitia mswada, na jina la mwandishi lililo wazi ili awajibike. Hayo yote yanawezekana chini ya maktaba ikishirikiana na idara za kitaaluma. Tukitaka kulinganisha, tulinganishe kitabu huria kilichopitiwa na wataalamu na kile ambacho wanafunzi wanakisoma kweli, yaani desa lisilo na jina la mtu.

Wapo wanaosema mtandao ni ghali na haumfikii kila mtu. Ni kweli pia. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani. Lakini kitabu huria kinapakuliwa mara moja tu, kisha kinahama kutoka simu hadi simu bila kula bando, na ni halali kufanya hivyo. Maktaba ikikiweka kwenye seva ya ndani ya chuo, wanafunzi watakipakua hata siku nyaya za baharini zimekatika. Anayetaka karatasi atakwenda steshenari. Na mwanafunzi asiyeona, ambaye leo anategemea mwenzake amsomee, faili hilo linaweza kugeuzwa sauti au nukta nundu bila kumwomba mtu ruhusa.

Kifanyike nini

Kwanza, kila maktaba ya chuo kikuu iteue mkutubi wa nyenzo huria, mwenye kazi moja inayoeleweka: kuchukua orodha za vitabu za masomo yote ya mwaka wa kwanza, kutafuta kipi kina mbadala huria, na kumpelekea mhadhiri husika mbadala huo mezani kwake. Kazi hii haihitaji mfadhili. Inaweza kuanza Jumatatu.

Pili, kila chuo kitenge sehemu ndogo ya bajeti yake ya vitabu iwe ruzuku ya kuandika na kurekebisha vitabu huria, kuanzia na masomo yenye wanafunzi wengi: stadi za mawasiliano, takwimu, utangulizi wa uchumi, anatomia, misingi ya sheria, isimu ya Kiswahili.

Tatu, na hapa ndipo penye ufunguo, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu Kenya na Seneti za vyuo zihesabu kitabu huria kilichopitiwa na wataalamu katika kumpandisha cheo mhadhiri. Leo, kwa kawaida, makala inayosomwa na watu ishirini katika jarida la nje ina uzito, na kitini kinachosomwa na maelfu ya wanafunzi kila mwaka hakihesabiwi. Mhadhiri ni binadamu, ataandika kile kinachompandisha. Mkibadilisha vigezo, vitabu vitaandikwa.

Nne, vyuo vishirikiane. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hakuna sababu ya vyuo kumi kuandika vitabu kumi vya takwimu. COTUL na KLISC, zilizoungana ili kununua, sasa ziungane ili kuchapisha. Chuo kimoja kichukue takwimu, kingine kilimo, kingine Kiswahili, na vyote vitumie vya vyote.

Tano, wanafunzi wenyewe wadai. Serikali za wanafunzi hugombania mikopo na mabweni, na ni haki yao. Waongeze na hili: kila muhula, kila idara iwaeleze ni masomo mangapi yana kitabu ambacho kila mwanafunzi anaweza kukipata kihalali siku ya kwanza ya masomo.

Makamu wakuu wa vyuo, wakurugenzi wa maktaba na wahadhiri wenzangu katika taaluma, leseni zipo tangu 2002, na pendekezo ambalo nchi zetu zililipokea lipo tangu 2019. Mashine za kuchapa ziko getini na wanafunzi wana simu mkononi. Hakuna tunachosubiri isipokuwa uamuzi wetu, na kila muhula tunaouchelewesha unamtoa mhitimu mwingine asiye na kitabu. Amueni mwaka huu.